Mzee Mbele ya Kamera: Kutoka Saint Louis Park hadi Imbaseni

Saint Louis Park ni mji wa watu wapatao 50,000 unaopakana na Minneapolis kwa upande wa magharibi, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, na historia yake ya kisiasa haitenganiki na historia ya watu waliohamia huko wakitafuta mahali ambapo wangeweza kununua nyumba, kuabudu na kupiga kura bila kubughudhiwa. Mji huo ulitambuliwa kisheria kuwa kijiji mwaka 1886, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ulipokea familia nyingi za Kiyahudi zilizohama kutoka mitaa ya kaskazini mwa Minneapolis, jiji ambalo mwandishi Carey McWilliams alilitaja mwaka 1946 kuwa kitovu cha chuki dhidi ya Wayahudi nchini humo. Waongozaji wa filamu Joel na Ethan Coen walikulia katika mji huo, na filamu yao ya mwaka 2009, A Serious Man, imewekwa katika mazingira ya ujirani uleule wa miaka ya 1960. Baada ya Wayahudi walikuja watu wengine, wakiwamo Wasomali waliopitia kambi za wakimbizi za Kenya, na mwezi Novemba 2023 wapiga kura wa Saint Louis Park walimchagua Nadia Mohamed, aliyezaliwa Somalia na kufika Marekani akiwa mtoto, kuwa meya wao.

Mji huo pia umo katika eneo la tano la uchaguzi la Minnesota, ambalo tangu Januari 2019 linawakilishwa katika Bunge la Marekani na Ilhan Omar, mwanamke ambaye kabla ya kufika Marekani mwaka 1995 aliishi miaka minne katika kambi ya Utange, karibu na Mombasa. Safari yake ya kisiasa ilifuatwa na kamera tangu mwanzo, kwa kuwa Norah Shapiro, mwongozaji wa filamu wa Minneapolis aliyewahi kuwa wakili wa utetezi wa umma, yaani wakili anayelipwa na serikali kuwatetea wasio na uwezo, alimfuata katika kampeni yake ya mwaka 2016 na kutoa filamu ya Time for Ilhan mwaka 2018. Filamu hiyo inahusu ushindi wa kijana, na ndivyo ilivyopokewa. Ndani yake, hata hivyo, limo suala zito zaidi ambalo historia ya filamu za siasa haijalipatia nafasi linayostahili, nalo ni jinsi mtengeneza filamu anavyohusiana na mwanaharakati aliyezeeka: anamtaka kwa ajili ya nini, anampa nini, na mzee huyo anabakiwa na nini baada ya kamera kuondoka.

Filamu inayozungumziwa hapa ni ile inayoitwa filamu ya hali halisi, maana yake filamu inayowaonyesha watu wenyewe katika maisha yao badala ya waigizaji wanaosoma maneno waliyoandikiwa. Aina yake inayowafuata wanasiasa kwa karibu ina mwanzo unaojulikana vyema, na mwanzo huo unaihusu Minnesota moja kwa moja. Mwaka 1960 Robert Drew, aliyekuwa mwandishi wa jarida la Life, aliwakusanya wapiga picha hodari, wakiwamo Richard Leacock, D. A. Pennebaker na Albert Maysles, akawapa kamera nyepesi za kubeba begani pamoja na vinasa sauti vilivyoweza kwenda sambamba na picha, kisha wakawafuata John F. Kennedy na Hubert Humphrey katika kura za mchujo za chama cha Democratic huko Wisconsin, yaani kura ambazo wanachama hupiga ili kumpata mgombea wao. Kabla ya hapo kamera za sauti zilikuwa nzito, zikihitaji kusimikwa mahali pamoja, na mwanasiasa alionekana akiwa jukwaani tu. Filamu hiyo, iliyoitwa Primary, ilimwonyesha akiwa ndani ya gari, katika vyumba vya hoteli na katikati ya msongamano wa watu, huku kamera ikimfuata mgongoni.

Humphrey alikuwa seneta wa Minnesota, na kabla ya hapo alikuwa meya wa Minneapolis kuanzia 1945 hadi 1948, kipindi ambacho alipambana na ule ubaguzi dhidi ya Wayahudi na watu weusi uliokuwa umeliharibia jiji lake jina, kisha katika mkutano mkuu wa chama mwaka 1948 akakishinikiza chama chake kitamke wazi kwamba kinasimama upande wa haki za raia weusi. Mbele ya kamera ya Drew, historia hiyo haikumsaidia. Anaonekana akihutubia wakulima wachache katika ukumbi wa mashambani, ilhali Kennedy anaonekana akipenya umati unaomshangilia, na ingawa tofauti ya umri wao ilikuwa miaka sita tu, filamu inamfanya mmoja aonekane mtu wa kesho na mwingine aonekane mtu wa jana. Watengenezaji hawakukusudia kumdhalilisha Humphrey. Kamera ya kubebwa begani hupenda mwendo, uso mpya na jambo linalotokea sasa hivi, wala haina njia rahisi ya kuonyesha miaka 15 ya kazi ambayo mtu ameshaimaliza. Udhaifu huo wa chombo chenyewe umekuwa sehemu ya fani, na kila mwongozaji anayemfuata mwanaharakati mzee hulazimika kupambana nao.

Katika Time for Ilhan udhaifu huo unarudi miaka 56 baadaye. Kiti alichokigombea Omar katika Baraza la Wawakilishi la jimbo kilikuwa mikononi mwa Phyllis Kahn, mwanasayansi wa fizikia ya viumbe aliyezaliwa mwaka 1937, akachaguliwa mara ya kwanza mwaka 1972 akiwa mmoja wa wanawake wachache waliothubutu kuingia katika baraza hilo, na ambaye mwaka 1975 alifanikisha sheria ya kudhibiti uvutaji sigara katika maeneo ya umma, mojawapo ya sheria za mwanzo kabisa za aina hiyo nchini Marekani. Tarehe 9 Agosti 2016 alishindwa katika kura za mchujo baada ya miaka zaidi ya 43 kwenye kiti hicho. Alikuwa mwanaharakati wa haki za wanawake kabla ya kuwa kizingiti kwa mwanamke mwingine, na hilo ni jambo la kusikitisha na lenye mafunzo mengi, lakini filamu inayosimulia kupanda kwa mtu mmoja humweka anayeshuka pembeni. Hakuna haja ya kumlaumu Shapiro, kwa sababu alichagua hadithi aliyoichagua na akaisimulia kwa ustadi. Hata hivyo mtu anayetaka kujua jinsi mwanaharakati anavyozeeka, na jinsi mtengeneza filamu anavyoweza kukaa naye katika uzee huo, analazimika kutafuta kwingine, na mfano ulio bora zaidi uko Tanzania, katika kijiji cha Imbaseni, kati ya Arusha na Moshi.

Katika kijiji hicho aliweka makazi Pete O'Neal, aliyezaliwa mwaka 1940 katika Kansas City, jimbo la Missouri, na ambaye kwa kauli yake mwenyewe aliishi ujana wa uhalifu wa mitaani kabla ya kuingia siasa. Mwanzoni mwa mwaka 1969 aliongoza kuanzishwa kwa tawi la chama cha Black Panther katika jiji lake. Chama hicho kilianzishwa Oakland mwezi Oktoba 1966 na Huey Newton na Bobby Seale, kikijulikana kwa mambo mawili yaliyokwenda pamoja: wanachama wake walibeba silaha hadharani ili kujilinda dhidi ya polisi, na wakati huohuo waliendesha huduma za jamii kama vile kuwapa watoto maskini kifungua kinywa cha bure kabla ya kwenda shule. O'Neal alifanya yote mawili, na zaidi ya hayo alimtuhumu waziwazi mkuu wa polisi wa jiji lake, Clarence Kelley, kwamba idara yake iliruhusu silaha kuwafikia watu wa kundi la mrengo mkali wa kulia. Kelley ndiye aliyekuja kuwa mkurugenzi wa shirika la upelelezi la FBI mwaka 1973.

Tarehe 30 Oktoba 1969 O'Neal alikamatwa kwa shitaka la kusafirisha bunduki kuvuka mpaka wa jimbo. Ili kulielewa shitaka hilo ni lazima kujua kwamba kuna miji miwili yenye jina la Kansas City, mmoja katika jimbo la Kansas na mwingine katika jimbo la Missouri, nayo imeshikana hivi kwamba mtu anaweza kuvuka kutoka mmoja kwenda mwingine bila kuhisi amebadili jimbo. Sheria ya silaha ya mwaka 1968, hata hivyo, iliufanya mvuko huo kuwa kosa la serikali kuu kwa mtu aliyewahi kutiwa hatiani. Alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 1970. Kabla ya hukumu hiyo, tarehe 4 Desemba 1969, polisi wa Chicago walikuwa wamemuua kiongozi wa Black Panther wa jiji hilo, Fred Hampton, akiwa nyumbani kwake usiku, na O'Neal aliamini kwamba gerezani hatatoka akiwa hai. Akiwa nje kwa dhamana, alitoroka pamoja na mkewe Charlotte, wakapitia Sweden, wakafika Algeria ambako Eldridge Cleaver alikuwa amefungua ofisi ya kimataifa ya chama, na mwaka 1972, ofisi hiyo ilipokuwa ikisambaratika, wakahamia Tanzania.

Kuichagua Tanzania hakukuwa jambo la kubahatisha. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa limewavutia watu weusi wengi wa Marekani walioiona siasa ya Ujamaa na Kujitegemea kuwa jibu la maswali yao, na Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ameifanya Dar es Salaam kuwa makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Mapokezi hayo yalikuwa na mipaka yake. Mwaka 1974, muda mfupi kabla ya Mkutano wa Sita wa Umoja wa Waafrika Duniani uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kugunduliwa kwa silaha katika shehena ya Wamarekani weusi kulisababisha wengi wao wakamatwe na kuhojiwa, na wengine wakaondoka nchini wakiwa na uchungu. Akina O'Neal walibaki, wakalima, wakafuga, wakajenga kwa mikono yao, na mwaka 1991 wakaanzisha kituo cha jamii kiitwacho United African Alliance Community Center, ambacho kilitoa masomo ya Kiingereza, kompyuta na sanaa bila malipo kwa vijana wa Meru na Arusha. Mwenye macho ataona kwamba kituo hicho ni mwendelezo wa kile kifungua kinywa cha watoto wa Kansas City, kilichohamishiwa chini ya Mlima Meru, bunduki ikiwa imeachwa nyuma.

Huyo ndiye mtu ambaye mwongozaji wa Kimarekani Aaron Matthews alimfuata kijijini na kumtengenezea filamu ya A Panther in Africa, iliyorushwa na televisheni ya umma ya Marekani, PBS, mwezi Septemba 2004. Matthews alikuwa ameshatengeneza filamu kuhusu familia ya wahamiaji wa Jamhuri ya Dominika jijini New York, kwa hiyo suala la mtu anayeishi kati ya nchi mbili halikuwa geni kwake, na kwa O'Neal alimkuta mtu ambaye suala hilo limemkaa mwilini: anazungumza Kiswahili na majirani, anaongoza kituo cha Kiafrika, lakini kwa lugha, muziki, chakula na kumbukumbu bado ni mtu wa Kansas City ambaye hawezi kuiona tena Kansas City.

Mvutano kati ya mtengeneza filamu na mzee unaanzia hapo. Mwongozaji anahitaji tukio, na tukio la O'Neal lilikuwa limeshapita kwa zaidi ya miaka 30. Picha zake zinazojulikana ni za kijana mwenye koti la ngozi na silaha, na mtazamaji wa Marekani anayeketi mbele ya televisheni anamsubiri kijana huyo. Mzee mwenyewe, kwa upande wake, ana jambo la kuonyesha ambalo halina msisimko wa haraka: madarasa, kisima, watoto, mabishano ya kila siku ya kuendesha kituo bila fedha za kutosha. Filamu inatembea kati ya matakwa hayo mawili, ikirudi kwenye picha za zamani na kuzilinganisha na mwili wa mtu aliyekonga, na nguvu yake inatokana na kwamba haikukubali kumfanya ama shujaa ama mhalifu. Matthews alielewa kwamba hadithi iliyobaki ni ya mtu anayelazimika kuishi na uamuzi alioufanya akiwa kijana wa miaka 30, bila nafasi ya kuurekebisha, katika nchi iliyompokea lakini ambayo haikumzaa.

Pia kuna jambo ambalo fani hii hulitaja kwa nadra, nalo ni mahitaji ya mzee mwenyewe kwa filamu. Mtu aliye uhamishoni, yaani aliyeondoka nchini mwake kwa sababu za kisiasa na kuzuiwa kurudi, ana njia chache za kuzungumza na watu wa kwao. Juhudi za wakili wake, Paul Magnarella, aliyekuwa pia mwanaanthropolojia, za kutaka hukumu ya mwaka 1970 itenguliwe hazikufaulu mahakamani, na Magnarella baadaye aliziandika katika kitabu alichokitoa mwaka 2020. Mahakama zilipofunga mlango, kamera ilikuwa mlango mwingine. Filamu iliweza kufika Missouri bila pasipoti, ikaingia sebuleni mwa watu waliomjua, ikawaeleza vijana wa mitaa yake kwamba aliyetoroka hakupotea. Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba mwongozaji ndiye pekee anayemtumia mwenzake; O'Neal, mtu aliyejifunza tangu ujana wake jinsi chama chake kilivyotumia magazeti na televisheni, alijua anachokitafuta. Kuna watakaoona katika hilo unafiki wa pande mbili. Tathmini ya haki zaidi ni kwamba uhusiano wenye manufaa kwa wote wawili ndio unaodumu, ilimradi kila mmoja ajue deni lake.

Deni halikuwa sawa, hata hivyo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mwongozaji huja na tiketi ya kurudi. Kwa desturi ya fani hii, anayerekodiwa halipwi, kwa hoja kwamba malipo hununua maneno, na hoja hiyo ina uzito. Lakini jina, tuzo na kazi inayofuata humwendea mwongozaji, ilhali mzee hubaki na wageni wanaogonga mlango wakimtafuta yule mtu waliyemwona kwenye filamu. Tena mwenye uamuzi wa mwisho ni yule anayekaa kwenye uhariri, yaani kazi ya kukata na kuunganisha picha, ambayo hupunguza saa nyingi za maisha ya mtu zikawa dakika 70 hivi. Charlotte O'Neal, mshairi, mchoraji na mwanamuziki anayejulikana Arusha kwa jina la Mama C, aliweza kusafiri kwenda Marekani na kurudi kwa kuwa hakuwa na hukumu, na ndiye aliyekiendesha kituo pamoja na mumewe kwa miaka yote; hata hivyo katika hadithi ya Panther aliyekimbia alikuwa mke wa mhusika, na ilimbidi asubiri filamu nyingine, ya Joanne Hershfield, iliyomtazama yeye kwanza.

Si vibaya kukumbuka hapa kwamba Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1940 huko Nyeri, alikuwa mwanafunzi katika mji wa Atchison, Kansas, kuanzia mwaka 1960 hadi 1964, mwendo mfupi tu kutoka Kansas City ya O'Neal. Msichana wa Kenya alikwenda Kansas kusoma na akarudi kwao kupigania misitu na demokrasia; kijana wa Missouri alikimbilia Afrika Mashariki na hakurudi. Maathai naye alipata filamu yake, Taking Root, iliyotengenezwa na Lisa Merton na Alan Dater mwaka 2008, miaka mitatu kabla ya kifo chake.

Kenya imetoa mfano mwingine ambao unabadilisha sura ya uhusiano huu, kwa sababu mtengeneza filamu si mgeni. Mukami Kimathi, mjane wa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya ukoloni aliyenyongwa na Waingereza katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, alikuwa yeye mwenyewe mwanaharakati, aliyeshiriki katika vita vya Mau Mau na kufungwa, kisha akaishi zaidi ya miaka 60 akidai jambo moja, kwamba mabaki ya mumewe yatafutwe na yazikwe kwa heshima. Nelson Mandela alipozuru Nairobi mwezi Julai 1990 alimuulizia mjane huyo, na swali lake liliiaibisha serikali iliyokuwa bado haijaondoa marufuku ya Mau Mau; marufuku hiyo ya kikoloni iliendelea kuwamo katika sheria hadi mwaka 2003. Mwaka 2007 sanamu ya Kimathi ilisimamishwa katikati ya Nairobi, na mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wahanga 5,228 wa mateso ya wakati wa hali ya hatari ya kikoloni jumla ya pauni milioni 19.9. Kaburi halikupatikana.

Zippy Kimundu, mwongozaji wa Kenya aliyewahi kufanya kazi na Mira Nair, alishirikiana na Meena Nanji kutengeneza Our Land, Our Freedom, filamu inayomfuata Wanjugu Kimathi, binti wa Mukami, anapoanza kulitafuta kaburi la baba yake na kujikuta akibeba madai ya wapiganaji wazee na familia zao ambao ardhi yao ilichukuliwa na haikurudishwa hata baada ya uhuru. Hapa mtengeneza filamu ni mjukuu wa kizazi kilekile kinachorekodiwa. Anajua kwamba mzee haulizwi swali kavukavu, kwamba salamu hutangulia na chai hunywewa kwanza, na kwamba kuna mambo ambayo mama hamwambii binti yake mbele ya watu. Ukaribu huo una faida kubwa, lakini pia una mzigo ambao Matthews hakuubeba Imbaseni, kwa sababu mwongozaji aliyetoka katika jamii hiyo hawezi kuondoka akasema kazi imekwisha. Wazee wanaomwamini humtazama kama mtu atakayewasaidia kupata ardhi, na kila mwaka wa kurekodi huongeza matarajio ambayo filamu haina uwezo wa kuyatimiza.

Mukami Kimathi alifariki tarehe 4 Mei 2023 na akazikwa Njabini, Nyandarua, siku tisa baadaye, kwa mazishi yaliyohudhuriwa na viongozi wakuu wa nchi. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu za hali halisi la Amsterdam mwezi Novemba mwaka huohuo. Miezi sita ndiyo iliyomtenganisha mzee na watazamaji wake, na wala huo si uzembe wa mtu yeyote, kwa kuwa filamu za namna hii hutengenezwa polepole kwa fedha za kuombaomba. Hata hivyo inaonyesha wazi kwamba katika kazi hii muda ni wa mzee, si wa tamasha.

Zanzibar nayo ina funzo lake, ingawa Bi Kidude alikuwa mwanamuziki wa taarabu na unyago zaidi ya kuwa mtu wa siasa. Mwongozaji Mwingereza Andy Jones alitengeneza filamu ya kwanza kumhusu mwaka 2006, akamfanya ajulikane mbali zaidi, na alipoenea uvumi mwaka 2012 kwamba bibi huyo mkongwe amechukuliwa na kufichwa, alirejea Unguja na kutengeneza filamu ya pili iliyouliza nani alikuwa na haki juu yake: ndugu zake, mapromota au mashabiki. Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Ubora wa filamu hiyo ya pili ni kwamba mwongozaji hakujitoa katika swali hilo, kwa sababu yeye aliyemtangaza alikuwa mmoja wa waliomgeuza bibi huyo kuwa kitu cha kugombewa.

Mifano hii yote, ya Wisconsin, Minneapolis, Imbaseni, Nyandarua na Unguja, inaelekeza kwenye hukumu moja. Mwanaharakati mzee hajalindwa vya kutosha na idhini aliyoitoa siku ya kwanza, kwa sababu anayeitia sahihi karatasi ya idhini hajui atakavyokatwa na kuunganishwa, hajui nani atamwona, na mara nyingi hataishi kuona. Kinachomlinda ni makubaliano juu ya mambo ya kawaida: kwamba saa zote zilizorekodiwa, si zile dakika 70 pekee, zihifadhiwe mahali ambapo watoto wake na wasomi wa nchi yake wanaweza kuzifikia, kwamba filamu irudishwe kijijini na ionyeshwe kwa lugha inayosemwa hapo, na kwamba mwongozaji aendelee kujibu simu baada ya tamasha. Filamu ya O'Neal ilitengenezwa ili itazamwe Marekani, na mzee aliyeishi miongo mitano kati ya Wameru bado anastahili kuelezwa kikamilifu kwa Kiswahili kwa wale waliosoma katika madarasa yake.

Katika Saint Louis Park na mitaa ya jirani ya Minneapolis wanaishi leo watu wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika ambao kabla ya kuwa wakimbizi walikuwa walimu, askari, wanachama wa vyama vilivyopigwa marufuku, na akina mama walioendesha kamati za kambi huko Utange na Dadaab. Wajukuu wao wanashika nyadhifa, na kamera zinawafuata wajukuu hao, kama zilivyozifuata nyuso mpya tangu mwaka 1960. Minneapolis ina Jumba la Makumbusho la Wasomali lililofunguliwa mwaka 2013, na Jumuiya ya Historia ya Minnesota imekwishaanza kurekodi simulizi za Wasomali, kwa hiyo mahali pa kuhifadhi papo. Vijana wenye vifaa na ujuzi wa kurekodi wawaendee wazee hao sasa, wakae nao kwa lugha zao, wakubaliane nao kwa maandishi nani atazitunza picha, na wasingoje mpaka mzee awe habari ya msiba.